Mwimbaji Niliyemfunika Leso

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Bendi yangu ya muziki wa panki, ile niliyoipenda nikiwa msichana wa shule Runyenjes, ilirudi kutumbuiza Meru baada ya miaka mingi. Nilifunga duka langu la mbegu nikaenda, mama mzima wa watoto watatu, na kujipenyeza hadi mbele kabisa ya jukwaa.

Wale watu wanajua kazi! Mwimbaji ana mvi sasa, lakini alinguruma vilevile, na magitaa yalinitetemesha mpaka meno. Nilikuwa nalia kwa furaha alipotugeuzia mgongo, akafumba macho na kujiachilia atuangukie, maikrofoni mkononi.

Sasa, kanisani kwetu mimi ndiye hudaka watu wanaoanguka wakiombewa. Mikono yangu haikuniuliza. Vijana walikuwa wameinua mikono wampokee juu kwa juu, nami nikawafokea, "Mpisheni apumue!" Nikamdaka kwapani, nikamlaza sakafuni polepole, nikamfunika miguu kwa leso niliyojifunga kiunoni na kuanza kuomba kwa nguvu zote.

"Ee Mungu, usimchukue! Nimempenda huyu tangu kidato cha pili!"

Ngoma zilinyamaza. Ndipo niliposikia maneno yangu yakitoka kwenye spika zote za ukumbi.

Mwimbaji alifumbua jicho moja, akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo wangu.

"Mama," akasema, "mimi huruka hivyo makusudi. Lakini hapo kwa kidato cha pili, hebu rudia."