Mama Zainabu Haonji Tena

Saa kumi na mbili asubuhi, Alunguli, mjini Kindu, Maniema, mashariki ya Kongo. Ukungu bado uko juu ya mto Lualaba, na mitumbwi ya kwanza inavuka kwenda ng'ambo, mtaa wa Kasuku, ikiwa na ndizi, mkaa na wanawake wanaobishana na mpiga kasia. Mama Zainabu ameinama juu ya beseni, anaparua magamba ya samaki waliofika jana kutoka Lokandu. Anaparua kwa hasira. Magamba yanaruka mpaka kwenye kuta za mbao.

"Usisimame hapo, yatakuingia mu macho," anamwambia mwandishi. "Na kama umekuja kunitazama nikionja, rudi na mtumbwi ule ule uliokuleta."

Ndivyo anavyokaribisha watu siku hizi, na ana haki yake.

Kuna jarida moja la safari, lenye karatasi za kung'aa, ambalo liliwahi kuweka picha za Kindu kurasa mbili nzima. Lilieleza mtu mwenye kujipenda alale wapi na ale wapi akifika mjini hapa: shuka nyeupe, baraza linalotazama mto, mvinyo baridi, samaki wa kufungwa kwa majani. Chini kabisa kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye kitenge cha bluu, kijiko kiko mdomoni. Maneno yake yalisema: "Usikose! Kabla hujala, mama wa Kimaniema atakuonjea chakula mbele ya macho yako."

Mama huyo hakutajwa jina. Jina lake ni Zainabu, ana miaka arobaini na tisa, na picha ile akiikumbuka tu mkono wake unakaza kisu.

Tuseme ukweli kwanza: desturi ya kuonja ipo. Kwao Zainabu, upande wa Kasongo, mgeni akiletewa chakula mwenye nyumba humega kidogo, akala mbele yake, ndipo akasema karibu. Maana yake ni rahisi: sisi na wewe tumekula kimoja, lala salama. Bibi yake alikuwa akifanya hivyo huku anacheka, anamtania mgeni kwamba asipoharakisha atamaliza yeye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wapo wageni wengine, jamani, na hao hawamponyi mtu.

Mwaka 2002, wakati wa vita, Kindu ilizungukwa. Wapiganaji waliokuwa porini hawakutaka mtu atoke, waliokuwa mjini hawakutaka mtu aingie, na mashamba yalikuwa katikati yao. Okito, mume wa Zainabu, alikwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe, kwenye shamba lake mwenyewe, na hakurudi. Chumvi ilipotea sokoni. Watu walichemsha majani ya muhogo, sombe, kwa maji matupu, na waliopata hata hayo walimshukuru Mungu.

Mkubwa mmoja wa wenye bunduki alikuwa amejiwekea makao katika nyumba ya zamani kando ya mto, upande wa Kasuku. Watu walimwita Komanda tu. Alimtuma askari kumtafuta mwanamke anayejua kupika, na majirani wakamwonyesha mlango wa Zainabu. Hawakumwuliza kama anataka.

"Alikuwa anaogopa sumu kuliko risasi," anasema. "Kila sufuria, kijiko kimoja. Halafu unasimama kwa ukuta. Yeye anawasha sigara, anakutazama. Sigara ikiisha na wewe bado umesimama, njo hapo anakula."

Mbuzi, kuku, wali wenye mafuta ya mawese. Kijiko kimoja kimoja, kisha ukuta. Langoni jioni askari alimkagua mpaka kwenye nywele na chini ya kitenge, asije akatoka na hata punje ya wali. Ndiyo, walimkagua mwanamke kama mwizi kwa chakula alichokipika mwenyewe, mjini ambako watoto walikuwa wanavimba miguu kwa njaa!

Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi na binti yake, Mamy, wa miaka minne.

"Mamy alikuwa anakuja karibu, anasema, mama, fungua mulomo. Nafungua. Ananusa. Halafu ananiuliza, leo mulikula mbuzi?" Zainabu anaweka kisu chini. "Mutoto wangu alikuwa anakula harufu."

Bibi yake Mamy alikuwa akigeukia ukutani Zainabu akiingia. Alifariki kabla njia hazijafunguliwa, na mpaka leo Zainabu hajisamehe kosa ambalo halikuwa lake.

"Alikufa bila kuonja chumvi. Mimi mulomo wangu ulikuwa na chumvi kila siku. Ile haina dawa."

Vita ilipopoa, Komanda aliondoka na magodoro, milango na hata masinki. Nyumba ikanunuliwa na mfanyabiashara mmoja, Jérôme, akaiongezea ghorofa, akaipaka rangi nyeupe, akaiita hoteli. Alipouliza nani anajua kupika samaki wa majani, mji mzima ulimtajia mtu mmoja. Zainabu alirudi kwenye jiko lile lile.

Watu humwuliza aliwezaje. Swali hilo linamkera. "Mutoto akilia na njaa, hauchague jiko," anajibu.

Alipika pale zaidi ya miaka kumi na tano. Mshahara wake wa mwezi haukufika hata bei ya kulala siku mbili katika chumba cha mbele, kile chenye baraza. Chakula chake alikula amesimama nyuma, karibu na pipa la maji, kwa sababu wafanyakazi hawakuruhusiwa kukaa ukumbini. Lakini samaki wake ndiye aliyewaleta watu. Walitoka Goma, Kisangani, Kinshasa, wamevaa vizuri, wananukia vizuri, wanauliza kama ni kweli hapa ndipo.

Kosa lake, anasema, lilikuwa kumwamini patron, yaani tajiri wake Jérôme. Mchana mmoja wa mvua, umeme umekatika na wageni hakuna, waliketi jikoni juu ya magunia ya mchele. Jérôme aliuliza mambo ya vita, na Zainabu akamweleza yote: kijiko, sigara, ukuta. Jérôme alitoa kitambaa akafuta macho. Alimshika mkono.

"Nikasema moyoni, huyu ni muntu," anakumbuka. "Kumbe alikuwa anapiga hesabu."

Haukupita muda Jérôme akaja na kitenge cha bluu kipya na kijiko kinachong'aa. Sasa Mama atatoka ukumbini. Atasimama mbele ya meza, ataonja, atasubiri kidogo, kisha atasema karibu. Wageni wanapenda utamaduni. Zainabu alimwambia patron, hiyo siyo desturi yetu ya nyumbani, hiyo ni ya Komanda. Jérôme alicheka, akamwambia wageni hawajui tofauti.

Na kweli hawakujua. Walipiga makofi! Mwanamke anarudishwa kwenye kijiko cha Komanda katika nyumba ile ile, na watu wenye saa za dhahabu wanampigia makofi.

Mwaka jana, mwezi wa saba, lilikuja kundi kutoka Kinshasa, jarida mkononi. Zainabu alileta samaki, akafungua majani, akaonja. Mama mmoja aliyevaa miwani kichwani akainua simu.

"Mama, rudia, haikutoka vizuri."

Akaonja tena.

"Mara moja tena, Mama. Na usimame pale kwa ukuta, kuna mwanga mzuri."

Ukutani. Walimwambia asimame ukutani.

Zainabu hakwenda. Alivuta kiti cha mgeni aliyekuwa ameinuka kupiga picha, akaketi. Miaka yote ile hakuwahi kukaa kwenye kiti cha ukumbi ule. Akanawa mikono kwenye bakuli lao. Kisha akaanza kula. Alikula mgongo, akala tumbo, akafyonza kichwa, akakusanya wali kwa vidole akaupitisha kwenye mafuta. Mwenye simu aliendelea kumrekodi kwa muda, halafu mkono ukashuka wenyewe. Mifupa ilipobaki peke yake, Zainabu akaipanga pembeni ya sahani.

Jérôme alifika mbio. "Unanifanyia nini, Mama? Unaniharibia nyumba!"

"Mumeomba nionje," alimjibu. "Nimeonja."

Alivuka mto jioni ile ile, kitenge cha bluu amekiacha kwenye kiti.

Huku Alunguli alikodi nyumba ya mbao: vyumba vitatu vyenye vyandarua, meza mbili chini ya bati, choo safi cha nyuma. Mwenye kiwanja alitaka kodi ya miezi mitatu kabla ya kumpa ufunguo, na akiba yake yote ikaishia hapo. Wafanyabiashara wanaotoka mbali hawana fedha za hotelini. Wanahitaji kitanda kisicho na kunguni na chakula cha moto. Hivyo alivipanga. Sharti lake lilikuwa moja tu: hapa mpishi haonji mbele ya mtu.

Hapo ndipo alipokosea hesabu, na ni kosa la Kindu hasa. Hapa mtu asipoonja, watu hawasemi amechoka. Wanajiuliza ameficha nini.

Ng'ambo ya pili Jérôme hakuhitaji kusema mengi. Ilitosha kuwaambia wateja wake kwamba kuna mwanamke mmoja aligoma kuonja, wakauliza wenyewe kwa nini. Ulimi hauna mfupa. Ukavuka mto haraka kuliko mtumbwi. Sokoni akina mama walianza kunyamaza Zainabu akipita. Wageni waliolala kwake waliamka wakaenda kula kwingine. Wengine wakaacha hata kulala.

Mtu akiitwa mchawi wa sumu mjini hapa, hapotezi biashara peke yake. Nyumba inaweza kuchomwa, naye akiwa ndani. Na aliyeitwa hivyo ni mwanamke aliyewakinga wengine na sumu kwa tumbo lake mwenyewe. Asiyekasirika kwa hilo hana damu.

Mamy, aliyekuwa akinusa, sasa ni mama mwenye mtoto mgongoni. Anamsaidia Zainabu kufua mashuka. Yeye ndiye aliyemwomba aonje.

"Mama, onja tu. Kijiko kimoja, watu wanyamaze. Watatufungia hii nyumba."

"Bora wafunge."

"Basi mimi njo nitaonja, kwa nafasi yako."

Zainabu anakiri kwamba hapo alimpigia binti yake kelele, mpaka majirani wakatoka nje. "Wewe? Wewe, Mamy? Ulinusa, na sasa uonje? Sitaki kuona kijiko kwa mulomo wako mbele ya mugeni. Nikufe kwanza!" Mamy alilia, na mama yake akalia, na siku ile hawakupika.

Aliyevunja ukimya ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Katungu ni mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza nguo na viatu, na kwa kuogopa sumu hana mwenzake. Alichukua chumba kwa Zainabu kwa kuwa kilikuwa rahisi, lakini alikuja na chupa yake ya chai, mkate wake na sardini zake za kopo. Kufuli la begi la chakula lilikuwa kubwa kuliko la begi la fedha.

Mkate uliisha. Mvua ikazuia lori lake. Mchana mmoja harufu ya samaki ikamtoa chumbani, akaketi mezani.

"Dada, umulete samaki," alisema. "Lakini uonje."

"Sionji."

"Kwetu huko mupishi asiyeonja tunamuogopa."

"Basi ogopa. Samaki ni huyo."

Katungu hakuondoka. "Niambie juu ya nini hauonje," alisema. Na Zainabu, amesimama na sahani mkononi, akamwambia. Hakukusudia. Safari hii hakuketi kwenye gunia wala hakushikwa mkono. Alisema kama mtu anayetapika.

Katungu alichukua sahani, akafungua majani mwenyewe, akamega kipande cha tumbo, palipo na mafuta, akala. Alitafuna polepole huku amemkazia macho. Akavuta kiti cha pili kwa mguu, akasukuma sahani upande ule.

"Nimekuonjea," alisema. "Ikaa. Kula."

Zainabu aliketi. Akamega, akala. Tangu bibi yake afariki, hakuna aliyewahi kumwonjea yeye.

Lori lilipotoka matopeni, Katungu alivuka kwenda sokoni Kasuku na kusema kwa sauti, mbele ya hao hao waliokuwa wananyamaza, kwamba amekula kwa Mama Zainabu na yuko mzima, na mwenye shaka aje atazame afya yake. Yeye ni mnene, na alijizungusha wamtazame vizuri. Walicheka. Safari iliyofuata alileta wenzake watatu.

Mambo hayajanyooka. Wiki nyingine vyumba vinajaa, wiki nyingine analala na Mamy peke yao wakisikiliza bati. Wapo bado wanaotema mate wakipita mlangoni. Lakini wanaokula wamejizoesha desturi mpya bila kufundishwa: mgeni humega kwanza, akampa mpishi, na mpishi hukaa.

Mwezi uliopita Jérôme alituma mtu. Wageni wanamwuliza yule mama wa kuonja yuko wapi, na msichana waliyemvalisha kitenge cha bluu hapendezi pichani. Atamlipa mara mbili. Zainabu alimrudisha mjumbe na mifupa ya samaki iliyofungwa vizuri kwenye majani.

Sasa maji ya mto yameanza kung'aa, na kutoka hapa ukuta mweupe wa hoteli unaonekana wazi ng'ambo. Zainabu anatazama upande huo, anainua samaki wa mwisho, anamkung'uta magamba. Anataka kuongeza chumba cha nne, na chini ya bati aweke meza ndefu moja badala ya mbili fupi. Amekwisha kumwagiza fundi. Viti vyote viwe sawa, amemwambia, na cha mpishi kiwe katikati.

"Andika vizuri," anamwambia mwandishi. "Waambie wale wa jarida, Kindu mahali pa kulala iko, na pa kula iko. Wavuke mto. Halafu andika: pale mupishi haonji. Pale mupishi anakula, tena amekaa."

Anasukuma kiti cha pili kwa mguu. Samaki wa kwanza tayari yuko juu ya makaa.

"Na wewe, ukae. Leo njo wewe utaonja."