Avrora Yatia Nanga Masumbwe

Asteria alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Masumbwe, aliyezoea kuunda karasha za kusaga mawe ya dhahabu. Meli hakuwahi kuiona. Aliijua manowari moja tu, kwa masimulizi ya baba yake, Mzee Pantaleo, aliyesomea umakanika Leningrad, Urusi, ujanani: Avrora, yenye mabomba matatu ya moshi.

Baada ya mavuno, Maige, manju wa kundi la ngoma la Wagika, alifika karakanani amenywea.

"Mayu, mama yangu, tumekwisha. Wapinzani wetu Wagalu wameleta chatu wa mita nne. Nani atatutazama sisi?"

"Nitakuundia meli," Asteria akasema, akajishangaa mwenyewe.

Siku ya mashindano ngoma zote mbili zilipigwa uwanja mmoja, zikigombea watazamaji. Umati wote ulikuwa kwa chatu. Ndipo Avrora ikaingia, bati tupu juu ya magurudumu ya trekta, ikifuka moshi wa majani mabichi, Asteria akisukuma kwa ndani. Maige akaimba kama Asteria alivyomfundisha: ilivyozunguka Afrika, ikatia nanga Bukini, kisiwa cha Madagaska, mabaharia wakapakia mamba. Shingo zikageuka. Akaimba vita vya Tsushima, Wajapani walivyomuua nahodha wake. Hapo maneno yakamkauka.

"Ikakimbilia wapi?" watu wakauliza.

Asteria hakuweza kuvumilia. Akachomoza kichwa juu ya bomba la kati, uso mweusi tii kwa masizi.

"Manila! Kisha ikarudi kwao, na mwaka 1917 ikapiga mzinga mtupu, ishara ya mapinduzi!"

Akakanyaga pedeli. Mtungi wa upepo ukatema majivu aliyoyashindilia kwenye mzinga. Buu! Uwanja mzima ukawa mweupe. Hata mwenye chatu akaja mbio, joka shingoni.

"Ikawaje tena?"

"Wajerumani wakaizamisha bandarini!" alijibu Mzee Pantaleo, akicheka hadi machozi. "Ikaibuliwa! Mpaka leo ipo, watu wanaitembelea!"

"Ikazama, ikaibuka!" Maige akaidaka. Wagika wakaitikia. Wagalu nao, wakijisahau, wakaitikia.

Asteria alitaka kushuka, mabega yakagoma kupita. Wakaling'oa bomba lenyewe, naye akacheza limemvaa, kichwa na miguu tu vikionekana, akijihisi mwepesi kama unyoya. Mwenye chatu akamshangilia kuliko wote.

"Wabeja, asante, mayu! Mwakani utuundie na sisi!"

"Mwakani," Asteria akasema akihema, "nitawaundia ninyi manowari ya Wajapani."