Mgomba wa Baba kwenye Chupa ya Jemu

Mamkubwa amekaa mbele ya kabati la kioo, kisu kidogo mkononi, na hakati.

Maabara ya chuo inanuka spiriti. Hewa safi inavuma kutoka ndani ya kabati ili vijidudu visipate nafasi. Mbele yake kuna chupa iliyowahi kuwa ya jemu, na ndani yake, juu ya chakula laini kama jeli, umesimama mche wa mgomba usiofika urefu wa kidole. Anakipitisha kisu motoni, anakiacha kipoe, anautazama mche, kisha anakirudisha kisu motoni.

"Hicho kisu kitaiva kabla ya ndizi," anataniwa na mwanafunzi mwenzake, binti wa rika la mwanawe. Hawa mabinti ndio waliompa jina la Mamkubwa. Anacheka nao, lakini mkono hausogei.

Kwa miaka amekuwa muosha chupa hapa. Bado anaziosha asubuhi. Mchana anavua aproni na kuingia darasani, mwaka wa pili wa bioteknolojia. Nusu ya mshahara inamezwa na ada. Ukimuuliza nusu nyingine inakwenda wapi, anajibu, "Hiyo haifiki popote, inaishia njiani."

Kilichomleta darasani ni ndizi. Marehemu baba yake alikuwa na aina moja ambayo hakuna aliyejua jina lake. Nyumbani waliziita ndizi za Baba. Zilikuwa fupi, nono, za ganda jembamba, na zikiiva harufu ilikupokea mlangoni. Baba alipofariki, haukupita muda ugonjwa wa mnyauko ukaingia shambani na kufagia migomba yote.

"Kila ndizi ninayompelekea mama anaonja kidogo, anashukuru, anaiweka," anasema. "Najua anachokitafuta. Hata mimi nakitafuta. Nimemkumbuka baba, nimemkumbuka mpaka mdomoni."

Chipukizi moja lilisalia nyuma ya nyumba. Alilileta maabara, akalimenya hadi kiini na kulitia kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kila mwanafunzi hapa anajua kwamba dawa ikipungua muda, ukungu unakula mche. Ikizidi, mche unaungua.

"Niliogopa ukungu. Nikauongezea mche muda kwenye dawa, nikauongezea tena. Niliupenda mno, nikauua." Siku hiyo alijifungia stoo ya chupa na kulia.

Ulibaki mgomba mmoja tu, kwa shangazi yake, aliopewa zamani na kaka yake, huyo huyo Baba. Shangazi alimzuia mlangoni. "Kaka yangu alikufa mara moja, wewe ukamuua mara ya pili. Sasa unataka ya tatu?"

Mamkubwa alirudi, akafukuzwa, akarudi tena. Mwisho alimkuta shangazi uani, jembe mkononi, chipukizi limeshang'olewa. "Chukua kabla sijabadili mawazo. Na usimwambie mtu nimelia."

Tangu hapo mnyauko umefika kwa shangazi pia, na shina lote limeng'olewa na kufukiwa. Vipimo vinaonyesha kwamba mche wa chupani, uliotokana na chipukizi lake, ni mzima. Ndio pekee uliobaki.

Na lazima ukatwe. Usipopasuliwa katikati ya kiini, hautatoa vichipukizi vya pembeni. Utabaki mmoja, uzeeke humo humo chupani. Mwalimu wake alijitolea kuukata, akamkatalia.

"Ukifia mkononi mwake nitamchukia, na yule ni mtu mwema."

Anaomba apigiwe simu nyumbani. Binti wa pembeni anamshikia simu, spika ikiwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshakata?"

"Bado. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ukifa huu, basi tena. Na ukipona, mpaka uje uzae ni mwaka na zaidi, mama, na wewe..."

"Na mimi ni mzee, sema tu. Baba yako alinisubirisha hata siku ya harusi, alifika jua linazama. Kusubiri kitu chake nimezoea. Kata, mwanangu."

Anakata. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua: kiini kimegawanyika, kila kipande kinaingia chupa yake, vifuniko vinafungwa.

Itachukua wiki kadhaa kujua kama vimepona. Vikipona ataendelea kuvigawa hadi apate miche ya kutosha: wa kwanza kwa mama, wa pili kwa shangazi, mingine kwa yeyote atakayetaka kupanda. Anataka pia kumaliza shahada na kutafuta aina nyingine zinazopotea mashambani kwa watu.

Mama yake bado yuko hewani.

"Iko mingapi sasa?"

"Miwili, mama. Ikipona."

"Basi nimwambie jirani achimbe shimo la pili. La kwanza liko wazi tangu ulipoanza chuo. Kila siku nafukuza kuku humo."