Mwambire, Boti Mbili na Gunia la Mama Mkwe

Ukimuuliza mtu wa Ganda ni nani awezaye kukuhamishia nyumba nzima kwa safari moja, atakuelekeza kwa Mwambire. Atakuelekeza huku anacheka, lakini atakuelekeza. Mwambire ana pikapu kuukuu ya samawati na trela alilolichomelea mwenyewe, na anaamini kwa dhati kwamba mtu anayekwenda mara mbili mahali pamoja ama hana akili timamu, ama hana kazi. Amewahi kumbeba ng'ombe pamoja na majani yake. Amewahi kubeba kabati lenye nguo ndani, na katikati ya nguo kuku aliyekuwa akiatamia, na vifaranga wakatoka salama kabisa. Kila kitu cha upande huu wa pwani kimeshapanda gari lake, isipokuwa mama mkwe wake.

Huyo mama mkwe ni Kahonzi wa Matsangoni, mjane mwembamba, mwenye macho makali na msimamo. Kwao, kwa desturi ya Kigiriama, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawaketi pamoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wamelegeza, na simu zimeharibu kabisa yaliyobaki. Kahonzi hakulegeza. Kila Mwambire alipomtuma mkewe kwenda kusema kwamba yuko tayari kumpeleka mama hospitali, sokoni au kanisani, jibu lilirudi lile lile: "Mwambie mumeo, gari linalobeba mbuzi halibebi mkwe."

Mwambire hulisimulia jibu hilo barazani na watu hucheka, naye hucheka kuwazidi. Ukweli ni kwamba lilimuuma. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, na alipooa alidhani amepata mama wa pili, wa kumwita mayo. Alichopata ni mgongo wa leso unaogeuka kila anapotokea.

Sasa, Jumamosi moja, aliitwa ufuoni Malindi na Zuhair, bwana wa mjini anayefundisha watoto kuendesha boti za matanga. Kulikuwa na boti mbili ndogo za kupelekwa Kilifi, ambako watoto walikuwa wakizisubiri kwa mashindano ya alasiri. Zilikuwa za aina ya katamarani: kila moja ni kama mitumbwi miwili myembamba iliyoungwa kwa vyuma vyepesi, na katikati umetandazwa wavu wa kukalia.

"Nilikuwa nafikiri, Bwana Mwambire," akasema Zuhair kwa adabu, "upeleke moja, kisha urejee uchukue ya pili."

Mwambire alimtazama kama mtu aliyeombwa chai ya chumvi. "Nirejee kufanya nini? Nimesahau kiatu?"

Milingoti ikang'olewa na kulazwa ubavuni. Boti ya kwanza ikakalishwa juu ya trela, ya pili ikapandishwa juu ya mwenzake. Katika zile pembe nne ambapo moja ingeigusa nyingine, Mwambire alitia magunia ya makumbi ya nazi ili zisichubuane. Magunia yalikuwa matatu. Akakuna kichwa, akafungua mlango wa gari, akaliona gunia la nne.

Gunia hilo alikuwa amepewa na mkewe, Kabibi, asubuhi ile. "Hili ni la mama," alimwambia. "Atakuwa barabarani Matsangoni. Mpe mtu ampe." Mwambire hakuuliza mna nini ndani, maana vitu vya mama mkwe haviulizwi. Sasa alilibonyeza kwa kiganja, akaona ni laini na limejaa vizuri. Halafu ana kanuni yake: mzigo usiofanya kazi haupandi gari. Akalisukumia pembe ya nne, likaingia sawasawa, akakaza kamba. Alirudi nyuma akashika kiuno, akajisifu kimoyomoyo, na kwa sauti pia.

Zuhair akapanda kando yake, na safari ikaenda vizuri hadi matuta ya Gede. Tuta la kwanza lililegeza mdomo wa gunia, la pili likaufungua. Wanawake waliokuwa wakiuza machungwa kando ya barabara waliinua vichwa, kisha wakapiga vigelegele, kisha wakaanza kucheka hadi wakashikana mabega. Mwambire alitazama kwenye kioo cha pembeni. Kati ya boti na boti, kitu cheupe chenye mikunjo mingi kilikuwa kikicheza kwa upepo.

Aliegesha, akampigia Kabibi simu.

"Mle guniani mna nini?"

"Kwa nini wauliza?"

"Nauliza tu."

"Mna hando la mama. Lile alilorithi kwa mamake, marehemu hawe. Leo yuaongoza ngoma harusini Kilifi." Kisha akashtuka. "Mwambire, gunia liko wapi?"

"Liko salama. Liko katikati kabisa."

Akakata simu kabla hajaulizwa katikati ya nini. Hando, kwa asiyelijua, ni ile sketi fupi nzito ya Kigiriama, kitambaa juu ya kitambaa, inayovaliwa kiunoni na kumpa mwanamke umbo na heshima. Mkwe halishiki hando la mama mkwe. Halitazami hata likiwa kambani. Na hapa alikuwa amelifungia chini ya boti na kulipeperusha mbele ya Gede nzima kama bendera.

"Basi nilitoe mimi," akasema Zuhair.

"Wewe si mwanamume?"

"Ni mwanamume."

"Basi."

Hata hivyo lisingetoka bila boti ya juu kuinuliwa, na kuwaomba msaada wale wenye machungwa kungekuwa sawa na kutangaza msikitini na kanisani kwa pamoja. Kwa hiyo Mwambire alichukua mkono wa usukani wa boti, akafumba macho, akaanza kulichokoachokoa hando lirudi ndani ya gunia, huku Zuhair akimwelekeza: kushoto, juu kidogo, hapo hapo. Likaingia. Wakaendelea na safari, Mwambire akiomba Mungu mama mkwe achelewe.

Hakuchelewa. Alikuwa amesimama kando ya barabara Matsangoni na leso zake mbili, ameshajipaka mafuta, anang'aa. Na hando, ambalo lilikuwa limeshachoka kukaa ndani, lilikuwa limetoka tena.

Zuhair aliruka chini kwanza. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye trela. Mwambire alishuka, akasimama upande wa pili wa gari, uso ameuelekeza kwenye mkorosho wa jirani.

"Muulize huyo mtu," akasema Kahonzi, "hilo ni hando langu?"

Zuhair alimgeukia Mwambire, aliyekuwa hatua chache tu na amesikia kila neno. "Auliza, hilo ni hando lake?"

"Mwambie ndilo."

"Asema ndilo."

"Muulize, boti zimeanza lini kuvaa hando?"

Zuhair aliuma mdomo. Mwambire alisema kwamba hakujua, kwamba aliona gunia tu, kwamba lilikuwa laini. Hakuwa akiogopa kufokewa, hilo alilizoea. Alichoogopa ni kwamba safari hii bibi huyu alikuwa na haki yote, na kwamba sasa angeuona mgongo ule maisha yake yote.

"Mwambie ainue hiyo boti," akasema Kahonzi.

Vijana wa bodaboda wakaja, kamba zikafunguliwa, na wanaume wakaiinua boti ya juu hadi mabegani. Kahonzi alipanda trela mwenyewe. Mwambire alikuwa ameshika upande mzito, shingo ameigeuza mpaka ikamuuma. Na Kahonzi hakuwa na haraka. Alilitoa hando, akalikung'uta, akalikagua mkunjo mmoja mmoja, akautafuta uchafu ambao haukuwapo, akaanza upya. Jasho lilimtiririka Mwambire hadi kwenye ndevu. Wale vijana waliguna. Yeye hakuguna.

Halikuwa limechanika popote. Kahonzi alishuka, akaingia nyumba ya jirani, akatoka amelivaa, na kwa kweli alipendeza, ingawa kuna mtu mmoja pale asiyeruhusiwa kusema hivyo. Wanaume walikuwa bado wameinua boti, maana pembe ya nne ilikuwa tupu na hakuna aliyejua la kuweka. Kahonzi alilitazama pengo. Alizitazama leso zake mbili zilizokuwa sasa mkononi. Akazikunja, akapanda tena, akazipanga pale kwa uangalifu, akazigonga kwa ngumi.

"Waambie washushe. Watoto wa watu wanasubiri."

Matatu aliyokusudia kupanda ilikuwa imeshapita. Zuhair alifungua mlango wa pikapu, akaingia, akasogea hadi katikati, akabana magoti kando ya gia. Kahonzi alilitazama gari hilo la mbuzi kwa muda mrefu. Kisha akaingia, akaketi dirishani, na Mwambire akaendesha hadi Kilifi kana kwamba amebeba mayai bila trei. Hakupita gari lolote. Baiskeli mbili zilimpita.

Ufuoni Kilifi watoto waliwapokea kwa makelele. Zuhair akashuka kwa kupitia dirisha la nyuma, kwa kuwa hakuthubutu kumwomba bibi ampishe, akakimbilia boti zake. Ndipo Mwambire alipogundua kwamba aliyekuwa kati yao hayupo. Walikuwa wawili tu, kwa mara ya kwanza tangu amwoe Kabibi. Alitaka kuomba radhi na hakuwa na wa kumtuma. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

Kahonzi alikuwa akitazama mbele. Aliweka kiganja juu ya dashibodi yenye nyufa, akaipapasa kidogo, kisha akazungumza nayo.

"Wewe gari," akasema, "nipeleke harusini. Unisubiri mpaka ngoma iishe, unirudishe kwangu. Na hando, nikishalivua, nitalipakata mwenyewe."

Mwambire akawasha injini.

"Limesikia, mayo."