Marehemu Aliyeongea Kiswahili

Ukifika Asembo Bay ukamuulizia Seline Apiyo, utaonyeshwa mwanamke anayecheka kabla kichekesho hakijaisha. Tangu ujana wake alianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni juu ya nyavu kuukuu. Mumewe alipofariki aliendelea kuanika, na kwa omena hizo akamsomesha Tom, mwanawe wa pekee, Kisumu mjini. Tom alikaa Kondele kwa baba yake mdogo Nicodemus, fundi wa baiskeli.

Mwaka wa themanini na saba, Tom akiwa kidato cha pili, alirudi likizo akiwa mtu mwingine. Halali. Chakula anakiacha. Anautazama ukuta tu, na akiulizwa anasema kuna mzee anamwita.

Sasa ninyi wa huku ziwani mshajua Nicodemus aliwaza nini. Kwetu marehemu akitaka kukumbukwa, huja akadai jina lake apewe mtoto. Na Mzee Obiero, baba yake Nicodemus, alikuwa bado hajapata wa kumrithi jina.

"Shemeji, furahi!" Nicodemus akasema. "Baba amerudi!"

Mbuzi akachinjwa, Tom akaitwa Obiero mbele ya watu, wazee wakala wakamsifu marehemu kwa kuchagua mjukuu msomi. Seline naye alifurahi. Kwa nini asifurahi?

Lakini sauti haikukoma. Nicodemus akajikuna kichwa. "Mbuzi alikuwa mdogo. Jumamosi tuchinje ng'ombe."

Ijumaa Seline alikuwa akigeuza omena, Tom kando yake. Akamuuliza kama mtu anayepiga soga tu, "Huyo mzee anakuambia nini?"

"Anasema, 'Kijana, chunga sana, hawa watu wanakufuata.'"

"Kwa Kiswahili?"

"Ndiyo, Kiswahili."

Seline akakaa mchangani puu. "Baba mkwe wangu? Mtu ambaye hata 'jambo' alikuwa anajibu kwa Dholuo? Huko kaburini wamefungua shule?"

Tom akamtazama, akacheka kidogo, kisha akaanza kulia. Ndipo akasema. Tangu muhula wa kwanza alikuwa akivuta bhangi na wenzake nyuma ya soko la Kondele. Mwanzoni ilikuwa Jumamosi tu, baadaye hata asubuhi kabla ya darasa.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Nyote mlikuwa mnafurahi, Mama."

Nicodemus aliposikia kwamba Seline anampeleka Tom hospitali, alikuja juu. "Shemeji, utamkasirisha mzee!"

"Akikasirika, mwambie anitafute mimi. Kwa Dholuo."

Ng'ombe akabaki zizini, mama na mwana wakaenda Kisumu. Daktari, mama mmoja mtaratibu aitwaye Nabwire, hakumgombeza Tom. Alisema wengi huvuta wasifikie hapo, lakini ubongo wa kijana bado unakua, na kwa wengine bhangi huufungulia ugonjwa mlango. Nani atapatwa, hakuna ajuaye mapema. Akampa dawa, akamwambia aiache bhangi kabisa, alale vizuri, asikose kliniki.

"Atapona?" Seline akauliza.

"Wengi hupata nafuu. Uwe mvumilivu, mama. Na mtu yeyote asimpige."

Haikuwa kazi ya siku moja. Tom alipoteza mwaka wa shule. Dawa zilimfanya asinzie na mikono itetemeke, mpaka daktari alipozipunguza. Sauti ikafifia polepole, kama redio inayoishiwa betri, ikanyamaza.

Krismasi rafiki zake wa Kondele walimfuata hadi ufukweni. "Obiero, vuta moja tu, bwana. Haya ni majani tu."

"Hata mwiba wa samaki mbuta ni mwiba tu," Tom akajibu. "Haya, umeze tuone."

Wakacheka, wakamwita mtoto wa mama. Akaendelea kugeuza omena.

Jioni moja kabla ya kurudi darasani, Tom alisukuma sahani. "Mama, ugali huu ni kama uji, na omena imejaa mchanga! Hata paka atakataa."

"Paka halipiwi karo!" Seline akafoka. "Kama unajua kupika, jiko ndilo hilo."

"Na nitapika!"

Akainuka kweli, akasonga ugali mgumu kama tofali. Wakaula pamoja wakibishana ni nani mpishi mbaya zaidi, na Seline alicheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Akawapa ugali huo nao wakate tonge.