Mrija wa Baba Mdogo Ekirapa

Enzi zetu vita vilitufikia kwa redio, na waliokaa kuvisikiliza nawakumbuka wote. Kulikuwa na babu yangu Omuse, mwenye boma, hapa karibu na Malaba. Nyanya yangu Amoding, mkewe, ndiye alikuwa anapika pombe ya wimbi. Baba yangu Okiring, kifungua mimba wao. Mzee Barasa, Mluhya wa Nambale aliyeoa shangazi yangu, na redio ilikuwa yake. Halafu sisi watoto, mimi na Akisa, binti ya baba mdogo Ekirapa. Baba mdogo mwenyewe hakuwepo. Alikuwa askari wa Uganda. Msishangae, aliandikwa jeshi akiwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa wajomba zake, na sisi Wateso tulikuwa tunavuka mpaka hata kufuata ng'ombe.

Pombe hiyo ilinywewa chunguni kwa mirija mirefu kushinda mtu mzima. Kila mtu na mrija wake, ndani ya ala ya mwanzi, umechomekwa darini kwa nyanya. Mrija wa mtu hauazimwi. Kwetu ulivunjwa siku moja tu, siku ya msiba wa mwenyewe. Basi kila Jumamosi nyanya alishusha ala ya Ekirapa, akaipangusa masizi bila kuuchomoa mrija, akairudisha.

Mwisho wa sabini na nane jeshi la Uganda liliingia Kagera, Tanzania. Rais wa Uganda akasema yeye na mwenzake wa Tanzania wamalizie ulingoni kwa ngumi. Mzee Barasa alicheka mpaka pombe ikamtoka puani. Lakini Watanzania hawakuja na ngumi. Walichukua Mutukula, wakachukua Masaka. Betri za redio zikiisha nguvu, sisi ndio tulizianika juani, kwa hivyo tulijiona tuko vitani.

Vita vyetu tulivipigana kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Akisa alikuwa Uganda kwa sababu ya baba yake, mimi Tanzania. Siku moja nilitaka bunduki ndefu. Nikapanda darini, nikachomoa mrija wa baba mdogo, nikamchapa nao Akisa mgongoni. Ukakatika katikati. Nilimwapisha asiseme, nikarudisha vipande ndani ya ala. Jioni hiyo redio ikasema wanapigana Lukaya, na hata Walibya wamekuja kusaidia Uganda.

Siku chache baadaye mama mmoja alivuka Malaba na godoro kichwani. Akatuambia kikosi cha Ekirapa kimeishia Lukaya. Babu akasema mrija ushushwe uvunjwe, watu walie wamalize.

Nyanya hakuinuka. "Redio imetaja Lukaya. Mwanangu haijamtaja."

"Amoding, mtu wa habari amekuja."

"Amekuja na godoro, Omuse. Hajaja na maiti."

Hapo ndipo chakula kilianza kunishinda. Niliamini nimemuua baba ya Akisa. Naye Akisa hakuona hivyo. Ikachukuliwa Entebbe, ikachukuliwa Kampala, ikachukuliwa Jinja, na kila mji ukianguka aliniambia baba anakaribia. Kwa hesabu yake, vita vilikuwa vinamsindikiza nyumbani.

Ya Tororo hatukuhitaji redio, mizinga tuliisikia wenyewe. Zikapita siku tatu, nne hivi. Asubuhi moja tukaona mtu anakuja bila viatu, amevaa gauni la kike, ndevu zimejaa. Alikuwa Ekirapa.

Chungu kikawekwa. Nyanya akashusha ala huku anaimba. Nikamshika kanga. "Nyanya, ni mimi," nikasema, lakini alikuwa ameshachomoa. Vikatoka vipande viwili.

Babu akageuza uso. Baba mdogo akavichukua, akaviweka pamoja gotini, akaniuliza ulivunjika lini. Nikamwambia siku ya Lukaya.

Baba mdogo akavigeuza vile vipande. "Wale wa lori langu wote walibaki huko," akasema. Kisha akatwaa kipande kimoja. "Huu mfupi unanitosha. Nitasogea karibu na chungu."

Akasogea. Nyanya alimtafutia mrija mrefu, akakataa. Mpaka alipokufa, na ni maradhi ya kawaida yaliyomuua, alikunywa ameinamia chungu kama mtu anayesikiliza kitu humo ndani.

Siku hizi wajukuu wangu wanaona vita kwenye simu, kila mmoja kwenye kona yake, anacheka au anapitisha kidole tu. Pombe nayo ni ya chupa, mtu anakunywa peke yake, na akikosekana hakuna mrija wa kupangusa masizi.

Mimi niliishia darasa la nne, vitabu vya vita hivyo sijasoma. Kama miji nimeipanga vibaya, nisahihisheni. Akisa yuko Amukura, naye ni nyanya sasa. Yeye husema Tanzania alikuwa yeye, na mrija aliuvunja yeye. Nimemkatalia miaka yote. Kama kuna mtu wa boma lile anakumbuka vingine, atuambie tungali hai wote wawili.