Jina Nililookota Jalalani

Majivu yakinyeshewa mvua hutoa harufu ambayo mtu wa mjini huwezi kumweleza akaelewa. Kuna chuma ndani yake, kuna udongo, na kuna uchachu kidogo wa maganda ya maharage yaliyolala nje. Mwezi uliopita kijana wangu wa depo alimwaga majivu ya jiko nyuma ya ghala, mvua ikapiga, na mimi, patron wa malori matatu, mtu ambaye nikikohoa madereva wananyamaza, nikasimama pale pembeni ya uchafu nimeganda.

"Patron, uko mugonjwa?" akauliza.

Nikamwambia aende akafanye kazi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa kijijini kwetu Karuba, nina miaka tisa, na mbele ya miguu yangu, juu ya jalala la mama yangu, kulikuwa na mtoto mchanga.

Msishtuke, ninyi mnaosoma. Nitaeleza polepole. Shule niliacha mwaka wa tatu, na leo wenye diplome wananiletea barua za kuomba kazi, lakini kueleza jambo mpaka likaeleweka, hilo ninajua, na sikufundishwa na mtu.

Kabla ya yule mtoto wa jalalani, mama yangu alizika watoto watatu. Furaha alimaliza mwezi mmoja tu. Neema alifika umri wa kucheka. Baraka hakutolewa hata nje kuonyeshwa jua. Mimi peke yangu, mkubwa wao, niliugua surua mpaka watu wakaanza kutafuta mbao za sanduku la kunizikia, kisha nikaamka nikaomba kiazi. Wale watatu tuliwazika kwenye ukingo wa shamba, chini ya mikaratusi, vilima vitatu vidogo, hakuna hata kimoja kilichopita urefu wa mpini wa jembe. Kila Jumamosi, kabla ya kuteremka kisimani, mama alipiga magoti pale akang'oa majani. Hakutumia jembe. Alitumia vidole, akianza na kilima kikubwa akimaliza na kidogo, huku akiimba puani wimbo usiokuwa na maneno. Jani lililochipuka jana halikumponyoka.

Alipobeba mimba ya tano, Koko, yaani mama yake mama, alihamia kwetu na kifurushi chake cha nguo na maneno yake mengi.

"Ninyi njo munajitafutia mabaya," alimwambia mama. "Munaita mutoto Furaha! Munaita Neema! Nani anaanika nyama ku barabara, kisha analia sababu ya mbwa? Kifo nayo iko na masikio."

Akatueleza desturi ya wazee wake. Mama aliyezika watoto kwa kufuatana, anayefuata asisifiwe na mtu. Asubuhi ya siku ya nane analazwa jalalani kama kitu kisichotakiwa, na mama yake anakaa ndani akiupa mlango mgongo. Halafu mtu anapita kama mgeni, anamkuta, anauliza mara tatu nani ametupa uchafu huu. Hakuna anayejibu. Basi yeye anamwokota, anampa jina baya, na kumwingiza nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kuanzia hapo mtoto si wa nyumba ile, ni kitu kilichookotwa, na Kifo hakina sababu ya kukifuata. Mwokotaji anapaswa kuwa wa tumbo lile lile, na awe ni mtu ambaye Kifo kilimjaribu kikashindwa.

Nani mwingine basi? Katika kijiji kizima cha Karuba, kazi hiyo ilikuwa yangu.

Koko alinifundisha siku mbili. "Utasema: jina yake ni Takataka. Usiongeze, usipunguze. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Nilisikia, ndiyo, lakini sikuridhika. Tangu utoto mimi nilikuwa na kichwa cha biashara, sipokei kitu kabla ya kukigeuza kuona upande wa pili. Asubuhi ya siku ya nane tangu mama ajifungue, nikipanda njia ya kisima kama mgeni, niligeuza lile neno Takataka. Nikaona halina nguvu. Takataka hata kuku wanaifuata, wanachakura na kushiba. Kama kuku wanaweza kuifuata, Kifo kitashindwa nini?

Ukungu ulikuwa bado umelalia vilima. Ng'ombe walilia upande wa mashamba makubwa, na mbali zaidi, kwenye njia ya Kirolirwe, bunduki zilikuwa zinalia kama mahindi juu ya kikaango. Wenye vitabu wanazipa vita zetu namba, ya kwanza, ya pili. Sisi hatukuhesabu. Tulijua tu kwamba kikaango kile kilikuwa kinasogea.

Nikafika jalalani. Majivu ya juzi yalikuwa yameloa na kutoa moshi mwembamba, au labda ilikuwa ni mvuke, sijui. Katikati yake alilala yule mtoto ndani ya kitambaa cheusi cha jikoni. Hakulia. Macho yalikuwa wazi, yametazama juu, na midomo ilikuwa imefungwa kama ya mtu mzima aliyeuliza swali na sasa anangoja jibu. Nimeona mambo mengi tangu siku ile. Nimeona daraja likiondoka na maji nyuma ya lori langu, mimi nimevuka. Lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Nani ametupa uchafu huu?" niliuliza. Mara tatu. Hakuna aliyejibu, hata ndege.

Nikamwinua. Alikuwa na joto kama mkate. Na palepale, ukingoni mwa shamba, nikaviona vile vilima vitatu, na jina likanijia lenyewe. Nikaingia kwa mlango wa nyuma nikasema kwa sauti ya kusikika kijiji kizima:

"Jina yake ni Kaburi!"



"Umesema nini?" Koko aliuliza.

"Kaburi."

"Mupumbavu weye! Nilikutuma Takataka!"

"Takataka hata kuku zinaifuata, Koko. Lakini Kifo ikikuja ikasikia Kaburi, itasema: hapa nilishamaliza kazi. Itapita."

Alinyanyua fimbo, ikabaki juu. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba jina lililotoka mdomoni mwa mwokotaji halirudi. Akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza niliogopa.

Mama alikuwa amekaa na mgongo mlangoni, kama alivyoagizwa. Akageuka polepole. Nikakaza shavu kungoja kofi. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, kisha macho yake yakapita juu ya bega langu, yakatoka mlangoni mpaka ukingo wa shamba. Yalikaa kule muda mrefu. Halafu akanyoosha mikono.

"Lete," alisema. "Lete Kaburi yangu."

Akamfunga kifuani, akaanza kuimba puani. Mimi nikatoka nje nikitembea kama mkubwa. Nilijiona nimemshinda Koko na Kifo asubuhi moja.

Katekista wetu hakufurahi. Alikuja na daftari lake, akasikia jina, akaifunika kalamu. "Mama, huyu iko kiumbe ya Mungu. Kaburi siwezi andika."

"Papa Katekista, andika yenye unataka," mama alimjibu. "Mimi nitaita yenye ninaita." Akamwandika Anastazia. Sijamsikia mtu akimwita hivyo hata siku moja.

Mtoto alipofikia miezi miwili kikaango kilifika kwetu. Tuliondoka na sufuria, kibuyu cha mafuta na Koko, kuelekea Pinga, kule Walikale, ambako baba alikuwa anachuuza chumvi. Tuliondoka mbio. Mama hakupata hata nafasi ya kufika kwenye mikaratusi. Alisimama tu njiani akageuza kichwa, mtu akamsukuma kwa nyuma, tukaendelea.

Njiani lile jina nililolitoa likaanza kunirudia vibaya. Mama alimwita mtoto bila kuficha, "Kaburi, nyonya. Kaburi, lala," na wakimbizi wenzetu wakawa wanatuachia nafasi kama watu wenye upele.

"Ee mama, nyamaza!" mwanamke mmoja mwenye godoro kichwani alimpigia kelele. "Sisi tunakimbia kaburi, wewe unaiita!"

Watoto wake wakanicheka. "Dada yake ni Kaburi! Na wewe uko nani, Sanduku?"

Ningewapiga, lakini walikuwa wanne.

Tulipoingia msituni mtoto alishikwa na homa. Siku ya kwanza alikataa titi. Siku ya pili aliacha kulia, na ukimya ule niliutambua, ndio uliokuwa nyumbani siku za mwisho za Baraka. Siku ya tatu mchana tulijikinga mvua ndani ya kibanda kilichoachwa na watu, na nilipomgusa mguu nikautoa mkono haraka. Ni mimi niliyemwita vile. Kifo kimesikia, nikajiambia, kimefikiri kinaalikwa.

"Mama," nilisema, "tumubadilishe jina. Tumuite Takataka. Tafadhali."

"Hapana."

"Mama, atakufa sababu yangu!"

"Nimesema hapana. Hii jina siiachi njiani. Nimeacha ya kutosha."

Koko alikuwa amekaa pembeni. Miezi miwili yote hakulitamka jina nililompa mtoto, alimwita mjukuu wake Takataka kwa ukaidi mtupu. Akaniangalia nikilia. Akasimama, magoti yakimlia, akaenda mlangoni kwenye mvua, yule bibi mfupi mwenye miguu kama njiti, akapiga ukuta wa kibanda kwa fimbo.

"Sikia wewe mwenye unatembea!" alipiga kelele kuelekea msituni. "Humu hakuna mutoto! Watoto ulishabeba bote! Humu iko Kaburi tu! Kaburi! Ni kazi yako mwenyewe ya zamani. Pita!"

Miti ilikuwa mikubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuona, na sauti ya Koko ikaingia ndani yake ikaenda, ikaenda. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukiambia Kifo "pita" kama vile unavyofukuza mbuzi. Sisi sote hatukusogea. Maji tu ndiyo yaliyokuwa yanatiririka. Na kabla mvua haijaisha, nyuma yangu, nikasikia sauti ndogo ya kunyonya.

Daktari ataniambia homa ilikuwa imefika mwisho wake. Sawa. Daktari hakuwa mle kibandani.

Tulifika Pinga. Koko amelala huko sasa, alikufa kwa uzee, jambo la anasa kwa watu wa wakati ule. Kaburi alikua, akawa msichana mwenye kicheko kinachosikika sokoni kote. Leo ana watoto wanne, anauza mafuta ya mawese, na karani mpya wa ofisi akimwuliza jina, akilisikia anarudisha kiti nyuma kidogo. Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hii kwenye meza za watu, na shujaa wake alikuwa mimi. Nilisema: niliona mbali, nilimshinda bibi yangu, niliokoa mtoto kwa akili yangu. Watu walikunywa wakanisifu.

Kisha nikapata lori langu la kwanza, na nilichotaka kwanza ni kulionyesha Karuba. Nikafika. Mikaratusi ilikuwa imeshakatwa ikachomwa makaa. Ukingo wa shamba ulikuwa malisho, ng'ombe watano wamesimama juu yake wakicheua. Nilitembea huku na huku, suruali nzuri ikiloa umande, nikitafuta vilima vitatu. Sikupata hata bonge la udongo. Hakukuwa na jiwe wala alama. Ilikuwa kana kwamba mama hakuwazaa.

Nikaenda Pinga kumwambia. Lori haliwezi kufika kule, nikalala Masisi, nikapanda pikipiki, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliingia uani Jumamosi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, Kaburi ameketi chini kati ya magoti yake, mwanamke mzima mwenye watoto, kichwa kimeinama. Nilijua wako hivyo. Kila Jumamosi ya utoto wetu pale Pinga walikuwa hivyo, na sikuwahi kuangalia kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwa tajiri.

Siku ile niliangalia. Mama alikuwa amezigawa nywele mafungu matatu. Hakuwa na kitana. Alipita na vidole, akianza na fungu kubwa, akang'oa unywele mmoja mmoja uliokatika, kila kinyuzi na kila kitakataka, polepole, mpaka akafika fungu dogo. Na puani alikuwa na ule wimbo usiokuwa na maneno.

"Mama, unaniumiza!" Kaburi alilalamika.

"Tulia. Bado kidogo."

Mama hakuinua macho.

"Ulifika Karuba?"

"Nilifika, mama."

"Ng'ombe ziko pale juu?"

"Ziko."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua siku nyingi. Vidole havikusimama.

"Si kitu," alisema. "Wewe njo ulinipatia kaburi ya kubeba."

Nilivua kofia yangu, nikaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, nikasimama pembeni yao mpaka mama alipomaliza.